Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakimbiaji, Tabora, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, mwangaluka!

Nawashukuru mliofika. Daftari la mahudhurio lina majina 19, nasi tuko 64. Nitarudi huko.

Mazoezi ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi yalifanyika kama kawaida. Mbio ndefu za Jumapili za kwenda Kwihara na kurudi ziliendelea, isipokuwa siku za mvua kubwa. Tulishiriki mashindano mawili ya nje, moja la uwanjani na moja la mbio za nyika. Hayo mnayajua.

Niingie kwenye jambo lililosemwa sana vijiweni. Fedha tulizotenga kwa ajili ya jezi zilinunua futi kamba ya mita 50, saa mbili za kupimia muda, kamba na chokaa. Jumla shilingi 186,000. Ushauri huo niliutoa mimi, kamati ikaukubali, na sijawahi kuukana.

Sababu ni hii. Miaka yote tumehesabu mzunguko mmoja wa uwanja tunaoazimwa kuwa mita 400. Kijana wetu aliyekuwa akikimbia mita 1500 hapa kwa dakika 4 na sekunde 40 alikwenda ugenini akamaliza kwa dakika 5. Wakasema kachoshwa na safari, wengine wakasema kachezewa. Mimi sikulala. Asubuhi moja nilishika ncha moja ya futi kamba, katibu akashika nyingine, tukapima mara tatu. Mzunguko ni mita 372. Katika mizunguko mitatu na robo tatu, hiyo ni pungufu ya mita 105, yaani kama sekunde 21 kwa anayekimbia mita 400 kwa sekunde 80. Kijana alikuwa mzima kabisa.

Tukachora upya: nyoofu mbili za mita 84.39, na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ukipima sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, unapata 400 kamili. Kisha nikaagiza muda wote wa zamani ufutwe kwenye daftari la rekodi. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na baadhi ya wakongwe hawajaonekana uwanjani tangu siku hiyo. Inaniuma, kwa sababu ndio walionifundisha kukimbia. Lakini ningewaachaje vijana waende kuaibika kwa muda usio wao? Mwezi Septemba Alphonce Simbu, kijana wa Singida, jirani zetu hapa, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani wa pili kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42! Mchezo wenye hesabu kali namna hiyo hauwezi kuvumilia mita 28 zilizopotea.

Na muda umeshuka kweli. Tulipoanza kupima kila mzunguko tuliona ugonjwa wetu: mtu anaondoka kwa sekunde 70, anamalizia kwa 95. Anayetaka dakika 5 katika mita 1500 azunguke kwa 80, wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo Jumanne tunakimbia vipande vya mita 800 mara 5, kila kipande kwa mwendo uleule, na kati yake dakika 2 za kutembea. Binti mmoja ametoka 5:41 hadi 5:19 kwa miezi 6, kwenye mita 400 za kweli. Wasiohudhuria Jumanne hawajapungua hata sekunde moja, na wengi wao ndio wanaodai jezi.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliokamilisha ni 23. Tulikusanya 814,000 pamoja na michango, tukatumia 779,500, zimebaki 34,500. Jezi zitatoka wapi? Nauli ya mashindano ya pili nilijazia mfukoni mwangu, wala sijadai.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mfadhili, jezi, na pengine viatu vya miiba kwa vijana. Kamati itaangalia pia uwezekano wa kuandaa mbio za nyika hapahapa Tabora.

Kuhusu daftari la rekodi, sitalirudisha la zamani. Futi kamba ninayo nyumbani. Mwenye shaka aje Jumamosi saa 12 asubuhi, ashike ncha moja, nami nishike nyingine.