Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kiingereza cha wanauchumi kifundishwe kwa vitendo

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha Kiingereza wanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa nchini. Wanajaa ukumbini kwa mamia, mimi na kipaza sauti, wao na madaftari. Mwisho wa muhula wanafanya mtihani wa kujaza nafasi, na wengi wanafaulu. Lakini msimamishe mmoja akueleze kwa Kiingereza kwa nini nyanya zimepanda bei: atainamisha kichwa. Muulize kwa Kiswahili, atakuchambulia soko zima, kuanzia mvua na ubovu wa barabara mpaka dalali na bei ya tenga.

Muhula uliopita niliwakusanya jioni, kikundi kidogo, wakaigiza Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania, ile inayopanga riba. Mezani niliweka uamuzi wa Aprili 2024, riba ya Benki Kuu ilipotoka asilimia 5.5 kwenda asilimia 6. Nusu watetee, nusu wapinge, Kiingereza kitupu. Binti mmoja akasimama: "The bank rose the rate." Mwenzake akashindwa kuvumilia, akamkatiza kwa Kiswahili: "Riba ndiyo imepanda. Benki imepandisha!" Binti akatulia kidogo, kisha akasema polepole, "The bank raised the rate. The rate rose."

Vitenzi hivyo nimeviandika ubaoni miaka na miaka. Jioni ile walivishika kwa sababu kila mmoja alikuwa na hoja anayotaka ishinde, na tofauti yenyewe walikuwa nayo tayari katika Kiswahili chao.

Baadaye wakaenda sokoni kuuliza bei, wakarudi kuandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Makosa yalikuwemo, tena mengi, lakini kila sentensi ilikuwa na jambo ambalo mwandishi alilisikia kwa masikio yake.

Kazi zote hizo hazikuhesabiwa hata alama moja. Niliambiwa mtaala hauna nafasi.

Mheshimiwa, ninaomba mitaala ya vyuo itakapopitiwa upya, nusu ya alama za somo hili itokane na mijadala, mahojiano na ripoti za namna hii. Ninaomba pia wanafunzi wagawanywe makundi ya thelathini thelathini. Najua walimu ni wachache, na kipindi kimoja kitarudiwa mara nyingi kwa wiki. Mimi niko tayari kukirudia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiingereza