Mama, kabla hujaanza na goti lako

Ankara

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na baridi ya huku nimeshaizoea. Umekuwa ukiniuliza kwenye simu ni kitu gani hasa ninachosomea, maana kila ukipiga unanikuta nabishana na watu juu ya sentensi moja. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, tena kwa sababu goti lako nalo limo humu.

Tasnifu yangu inahusu dodoso. Ni karatasi yenye maswali 6 anayopewa mgonjwa kabla ya kuanza fiziotherapia, aeleze anatarajia nini kwenye tiba hiyo. Walilitoa watafiti Devilly na Borkovec kwa Kiingereza mwaka 2000, na asili yake ni tiba ya kisaikolojia, si mambo ya mgongo wala goti. Maswali 4 yanauliza mgonjwa anavyofikiri, na 2 anavyohisi moyoni. Naona waligawa vizuri, maana mtu anaweza kuikubali tiba kwa akili huku moyo umeshakata tamaa. Sisi tunaliweka kwa Kituruki kwa ajili ya watu wenye maumivu ya mgongo.

Utauliza, matarajio yana uzito gani mbele ya dawa? Mwaka 2011 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio la watu 22 wenye afya. Waliwatia maumivu ya joto huku dawa kali ya maumivu ikiingia kwenye mshipa. Walipowaambia kwamba dawa ndiyo inaanza sasa, nafuu iliongezeka mara mbili, ingawa dawa ilikuwa inaingia tangu mwanzo bila wao kuambiwa. Walipowaambia imesimamishwa, maumivu yakarudi karibu yote, na dawa bado inaingia kwa kiwango kilekile! Tangu niisome habari hiyo siwezi tena kumwona mgonjwa akianza tiba bila kuulizwa anaingia na nini moyoni.

Tafsiri yenyewe haifanywi na mtu mmoja. Tunafuata utaratibu wa kutafsiri madodoso uliowekwa na mtafiti Beaton na wenzake. Waturuki wawili, mmoja anayeijua fani na mwingine asiyeijua kabisa, kila mmoja anatafsiri peke yake, kisha tafsiri zao zinaunganishwa kuwa moja. Wengine wawili ambao hawajaliona dodoso la asili wanairudisha kwenye Kiingereza. Jopo linakaa, linalinganisha yote, ndipo karatasi inapelekwa kwa wagonjwa 30 hadi 40 ili ijaribiwe. Hapo ndipo ninapopapenda. Mgonjwa anajaza, kisha namuuliza swali kwa swali: hapa umeelewa nini? Mbona umechagua namba hii?

Alikuja mama mmoja wa umri wako, ametoka kijijini na binti yake. Maswali ya mwanzo aliyajibu bila shida. Kufika pale anapotakiwa kutaja asilimia, kutoka 0 hadi 100, tiba ikiisha atakuwa amepata nafuu kiasi gani, akaiweka kalamu mezani. “İnşallah, kızım.” Inshallah, binti yangu. Nikamsomea tena polepole, akanijibu vilevile kwa upole. Swali alikuwa amelielewa vizuri sana. Kwake yeye, kutaja namba ya kupona ni kumwingilia Mungu kwenye kazi yake, na mimi niliyelelewa Tanga sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mzee mwingine aliandika 100 papo hapo. Nilipomuuliza, akasema angeona haya kuandika pungufu wakati wahudumu wamempokea vizuri namna ile.

Mama, hayo mawili ndiyo yanayoninyima usingizi. Mmoja anaacha wazi kwa uchaji, mwingine anajaza yote kwa heshima, na anayezisoma zile karatasi ofisini hatajua kabisa mioyoni mwao mna nini. Kwenye jopo nilisimama imara juu ya hilo. Maswali hayakuguswa, kwa sababu ukiyabadilisha huwezi tena kulinganisha matokeo na ya nchi nyingine, lakini maelezo ya juu yaliongezwa: hakuna jibu sahihi, tunataka unavyoona wewe leo, na anayekutibu hataiona karatasi hii. Sasa inatiwa kwenye bahasha na kufungwa.

Kilichobaki ni hesabu. Maswali yanatakiwa yaendane, na kipimo chake, alfa ya Cronbach, kisipungue 0.70. Tena mgonjwa yuleyule anajaza mara ya pili baada ya siku kadhaa, tuone kama majibu yametulia. Inabidi iwe kabla hajaanza tiba, kwa kuwa akishahudumiwa siku moja tu, matarajio yake si yale tena.

Nije kwenye goti. Uliniambia kwa masikitiko kwamba umepewa mazoezi tu, hukuchuliwa wala kuwekewa mashine, na hukurudi tena. Wagonjwa wengi huku nao huja wakitaka joto, mashine na kukandwa, wakipewa mazoezi wanaona wamenyimwa tiba. Lakini kwa goti lililolika kama lako, mazoezi ndiyo tiba yenyewe ya mwanzo, na nafuu yake huja kwa wiki nyingi, mara nyingi 6 hadi 12. Aliyekuhudumia alipaswa kukuuliza ulitarajia nini, naye akueleze hayo kabla hujanyanyua mguu. Hakukuuliza, na wewe kwa adabu ukanyamaza.

Naomba urudi, Mama. Mwambie wazi ulitegemea nini na unaogopa nini, na umuulize baada ya muda gani utegemee kuona tofauti. Si utovu wa heshima hata kidogo. Dada akusindikize, aandike majibu, na mkitoka hapo mnipigie hata kama ni saa za darasa.

Nisalimie Baba, shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye