Tovuti mpya, simu kimya: kubadilisha anwani za kurasa bila kupotea Google

Mzee mmoja anayeuza spea Kirinyaga Road, Nairobi, alitujia Jumatatu asubuhi, akaiweka simu yake juu ya meza yetu kama mtu aliyeleta saa iliyosimama. "Kijana wangu, hii kitu siku hizi hailii."

Alikuwa amezoea mtu akitafuta pedi za breki za Probox, duka lake litokee juu juu kwenye Google na simu ifuate. Wiki tatu zilizopita alitengenezewa tovuti mpya, na kusema haki ilikuwa nzuri: picha safi, inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ndogo. Shida ni kwamba aliyeitengeneza alizipa kurasa zote anwani mpya, za zamani akazifuta kama mtu anayefagia duka jioni.

Ukurasa wake wa pedi ulikuwa ukiitwa bidhaa.php?id=482. Sasa unaitwa /pedi-za-breki-probox. Kwa macho ya mtu, jina jipya linasomeka vizuri zaidi, hilo hatubishi. Lakini linki zote ambazo tovuti nyingine ziliwahi kuweka, zile alizowatumia wateja kwa WhatsApp, na yote ambayo Google ilikuwa inayajua kuhusu ukurasa ule, vilikuwa vimeshikana na 482. Ukiibonyeza 482 unaambiwa ukurasa haupo, ile 404 mnayoijua. Huo mpya Google iliuona kama mgeni asiye na mdhamini.

Sasa, mzee huyu ukimpigia umwulize duka liko wapi, hasemi Kirinyaga Road. Anasema Grogan. Jina la barabara lilibadilishwa zamani, lakini mwambie makanga akushushe Grogan uone kama utapotea. Mji mzima unajua kwamba hii ndiyo ile. Google haina makanga wa kuiambia hivyo, kwa hiyo seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ndiyo iseme. Namna ya kusema ni namba 301: mtu au Google akigonga anwani ya zamani, seva inajibu kwamba ukurasa huu umehama kabisa, uko hapa, na kumpeleka. Kuna ndugu yake, 302, anayesema umehama kwa muda tu. Ukitumia 302 kwa safari isiyo na kurudi, Google inaweza kuendelea kuiweka mbele ile anwani ya zamani, ikingoja urudi.

Kazi yenyewe ni kuandika orodha. Haina raha yoyote. Tunafungua jedwali lenye safu mbili, kushoto anwani ya zamani, kulia ukurasa mpya unaochukua nafasi yake, mmoja kwa mmoja. Za zamani tunazipata kwenye Search Console, kifaa cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyotokea kwenye utafutaji, kwenye ramani ya tovuti ya zamani, yaani faili inayoorodhesha kurasa zake, na kwenye kumbukumbu za seva zinazoandika kila anwani iliyogongwa, maana kuna kurasa ambazo mwenye duka mwenyewe alishazisahau na bado watu wanaingilia huko. Kwa yule mzee zilikuwa zaidi ya mia mbili. Pedi zinakwenda kwa pedi, plagi kwa plagi. Bidhaa ambayo hauzi tena na haina inayofanana nayo, iache ijibu 404. Hiyo si aibu.

Usichofanya ni kuchukua anwani zote ukazimwaga kwenye ukurasa wa mwanzo. Ni njia ya mkato tunayokutana nayo kila mara. Mteja aliyetaka pedi anajikuta mlangoni akitazama picha ya jengo, anaondoka. Google nayo huwa inazihesabu kurasa zilizoelekezwa hivyo kama hazipo tu.

Na sisi tumewahi kuchemsha, tusijifanye malaika. Miaka ya mwanzo tuliandika mistari ya Redirect 301 kwenye .htaccess, faili ya maagizo ya seva, kila mmoja na ile ?id= yake, tukaenda zetu nyumbani. Kesho yake hakuna hata mmoja uliofanya kazi. Amri hiyo ya Apache, programu inayoendesha seva, haisomi kilicho baada ya alama ya kuuliza. Anwani za aina hiyo zinataka amri nyingine, RewriteCond. Tangu siku hiyo hatuondoki kabla ya kuipitia orodha nzima kwa programu inayogonga kila anwani na kutuonyesha imejibu nini. Ukijaribu kwa mkono, tumia dirisha la siri la kivinjari, kwa sababu 301 hukaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari na itakudanganya hata baada ya kurekebisha.

Kuna mengine madogo yanayouma. Kama una WordPress, angalia kile kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiisome tovuti: hutiwa tiki wakati wa ujenzi, halafu kila mtu anasahau. Usizifungie anwani za zamani kwenye robots.txt, faili inayoiambia Google isiingie wapi, maana Google ikizuiwa kugonga mlango haitasikia kwamba umehama. Linki zilizo ndani ya tovuti yako zielekeze moja kwa moja kwenye anwani mpya. Na ukihama mara ya pili, rekebisha maelekezo ya kwanza yaende mwisho wa safari. Usimpeleke mtu Ngara ndipo umrudishe Luthuli.

Wengi wanauliza maelekezo haya yakae muda gani. Google inashauri angalau mwaka mmoja. Sisi tunasema yaache tu, hayali chakula.

Wanaotoka .co.ke kwenda .ke wana hatua ya ziada: Search Console ina kifaa cha kutangaza kwamba tovuti imehamia kikoa kingine, yaani jina lingine la tovuti. Kikoa cha zamani endelea kukilipia, kwa sababu kikikwisha maelekezo yote yanakufa nacho, na mtu mwingine anaweza kukisajili.

Mzee simu zake hazikurudi siku moja. Zilianza kudondoka moja moja baada ya wiki kadhaa, na tulimwambia hivyo mapema asije akatupigia kila asubuhi. Alipiga hata hivyo.

Kama tovuti mpya bado haijawashwa, njoo sasa. Orodha ni rahisi zaidi kuiandika ya zamani ikiwa bado inapumua. Uje na nywila ya Search Console na ya mahali tovuti inapolazwa. Na kabla ya hapo, hakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina lako, si la fundi wa zamani aliyebadilisha namba ya simu.