Kopo la maji lina kazi nyingi, ila ya mafuta ya taa hapana

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi kila nikifungua gazeti au simu nakutana na mtu anafundisha kutengeneza maua ya mezani kwa chupa za plastiki. Sina ugomvi na maua. Ila mimi chupa hizo nimezitumia nyumbani miaka mingi. Zimenifaa sana, na siku moja nusura ziniulie mjukuu. Hilo la pili silioni likiandikwa.

Nianze na zilivyonifaa. Chombo ninachokishika kuliko vyote jikoni ni kata ya unga, niliyoikata kwenye chupa ya lita moja na nusu. Shingo na kifuniko unaviacha, ndipo pa kushikia. Upande wa kitako unakata kwa mshazari. Ukiishia hapo utajikata vidole, maana plastiki ile ikishakatwa ina makali kama wembe. Dawa yake alinionyesha mwanangu: washa pasi, moto wa wastani, tandika karatasi juu yake, kisha gusisha ukingo kidogo kidogo huku unaizungusha. Ukingo unajikunja wenyewe kwa ndani, unakuwa laini kama mdomo wa kikombe. Hiyo karatasi usiidharau. Mara ya kwanza sikuiweka, plastiki ikagandia kwenye pasi, na doa lake likaja kutokea kwenye shati la sare.

Kitako kilichobaki nakitoboa, naoteshea miche ya nyanya. Nyanya zenyewe ziko kwenye viroba uani, na kila kiroba kina chupa yake iliyochomekwa kichwa chini karibu na shina, kifuniko kimetobolewa kwa sindano. Maji yanadondoka tone tone. Wakati wa mgao, maji niliyooshea mchele yanatosha kabisa. Na nje ya choo tuna kibuyu chirizi cha kunawia mikono, cha dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga. Tulikifunga wakati wa korona, hakijatoka hadi leo.

Vitu hivi vyote nisingekuwa navyo ningevinunua, na ndivyo ninavyopima mimi. Kopo likipakwa rangi likawa ua, likakaa juu ya kabati hadi likajaa vumbi, mwisho wake ni jalalani, tena hata kijana anayeokota makopo mtaani kwetu akiliona na rangi zake analipita. Afadhali angepewa likiwa safi. Kilo moja inataka chupa ndogo hamsini na zaidi, na yeye anazitafuta mtaroni, zile zenye vifuniko zinazoelea hadi kwenye karavati na kuziba maji ya mvua.

Wapo pia wanaoyeyusha plastiki kwenye sufuria kuukuu. Nawaomba waache. Lile jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa taka za plastiki, likazinduliwa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata, ni kazi ya mafundi wenye mashine. Moshi wa plastiki chini ya mwembe, watoto wamezunguka, si ufundi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mafuta ya taa dukani, nikapimiwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita niliyoibeba mwenyewe. Nikaiweka chini ya meza. Mafuta yenyewe meupe, chupa bado ina karatasi yake ya buluu. Mjukuu wangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu, akarudi kutoka kucheza na kiu yake. Nilimsikia anakohoa, nikadhani vumbi. Jirani mmoja akaja na maziwa, mwingine akataka kumtia kidole atapike. Muuguzi aliyetupokea alisema bahati yetu hatukumtapisha, kwa sababu mafuta ya taa yakipanda tena yanaingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Alilazwa siku tatu.

Simlaumu muuza duka, chupa nilimpa mimi. Lakini hebu tembeeni sokoni muone: sabuni ya maji ya kupima, dawa ya chooni, dawa ya kuua wadudu, vyote vimo kwenye chupa za maji na soda, na pembeni yake ni karanga na asali kwenye chupa zilezile. Mtoto asiyejua kusoma atatofautishaje?

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapochapa mafunzo ya kutumia tena chupa, wekeni na mstari mmoja kwamba chupa ya kinywaji isitiwe kitu kisichonyweka. Nao wanaouza sabuni na dawa za kupima wamkatalie mteja anayekuja na chupa ya maji, hata kama mteja mwenyewe ni bibi mzima kama mimi.

Kwangu mafuta ya taa sasa yanakaa kwenye kidumu cha njano, juu ya kabati. Mjukuu yuko darasa la kwanza. Kila asubuhi namjazia chupa yake ya maji ya shule, na kila asubuhi nainusa kabla sijafunga kifuniko. Yeye anacheka tu.

Bibi wa Tandika,
Dar es Salaam