Kapenguria si vyumba vya wafungwa tu

Kwa Mhariri,

Mabasi ya shule yakifika Makavazi ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka wa 1993, watoto hukimbilia vyumba walimofungiwa Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba, viongozi sita walioshtakiwa hapa kwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni. Hupiga picha, hununua soda, na safari ikaisha. Sina ubaya na hilo. Lakini mahakama iliyowahukumu mbona hatuisimulii, ilhali ndiyo yenye kisa?

Kwanza, mahakama haikuwepo. Mwaka wa 1952 Kapenguria ilikuwa kituo kidogo cha utawala, bila hoteli wala simu, katika eneo lisiloingilika bila kibali. Serikali ya kikoloni ilipataka mahali pa namna hiyo, mbali na umati wa Nairobi. Darasa la shule likageuzwa ukumbi wa mahakama, na jaji mstaafu, Ransley Thacker, akarudishwa kazini awe hakimu. Mawakili wa utetezi, akiwemo D.N. Pritt kutoka Uingereza na H.O. Davies wa Nigeria, walilala Kitale na kusafiri karibu kilomita 40 za barabara ya vumbi kila kesi ilipoitwa. (Wakazi wa Alale na Kacheliba hapa West Pokot wanaofuata haki mjini leo wataelewa uchovu huo.)

Kisha kuna jambo ambalo kwangu linashinda yote. Baada ya kukamatwa Oktoba 1952, Kenyatta alikuwa amepelekwa Lokitaung, Turkana, katika Mkoa wa Kaskazini. Thacker naye aliteuliwa kuwa hakimu wa mkoa huohuo wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa Bonde la Ufa! Aprili 8, 1953 aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mawakili wakakata rufaa, na mwezi Julai mahakama ya juu ya koloni ikakubali kwamba hakimu hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi pale. Kesi nzima ilikaribia kuwa bure. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, nayo ikaokoa hukumu.

Hapo sijagusa habari za Rawson Macharia, shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, aliyekula kiapo mwaka wa 1958 kwamba alidanganya kortini. Alishtakiwa na kufungwa, tena si kwa ushahidi aliotoa Kapenguria, bali kwa kusema ulikuwa wa uongo.

Mtoto akijua hayo ataelewa jinsi ukoloni ulivyotumia sheria kuliko akitazama kuta za seli siku nzima. Naomba walimu wa historia watakaoleta wanafunzi muhula ujao wabebe ramani ya mikoa ya wakati ule, waitandaze pale uani kabla ya picha, na wawaulize watoto waoneshe kwa kidole: hakimu huyu alikuwa wa wapi, na alikaa wapi kuhukumu?

Msomaji wenu,
Makutano, West Pokot