Dawa Tumeweka, Mbona Valvu Imeziba?

Malalamiko haya hayaishi: mteja amenunua dawa ya kuzuia haidreti, yaani barafu yenye gesi inayoziba mabomba ya gesi, ameambiwa ni rafiki wa mazingira, amelipa zaidi ya bei ya methanoli, dawa ya kawaida ya kazi hiyo, na bado valvu ya kupunguzia presha imeziba. Anaona ametapeliwa. Mara nyingi tukifuatilia tunakuta dawa ni nzima, kipimo ndicho kibovu.

Kwanza lile swali la "huku kwetu joto, barafu itoke wapi?" Haidreti ni maji yaliyoganda yakiwa yamefungia gesi ndani yake, na presha ikiwa kubwa hujitengeneza hata juu ya nyuzi sifuri. Gesi yenye presha ya bar 80 na joto la nyuzi 27 za Selsiasi, ikishushwa hadi bar 30, hupoa karibu nusu nyuzi kwa kila bar. Inatokea upande wa pili ikiwa na nyuzi 2 hadi 5. Kwa bar 30, gesi yenye etani na propani kidogo huweza kutengeneza haidreti hata kwenye nyuzi 8. Yakiwepo maji, valvu itaziba, iwe Mtwara au Norwe.

Dawa tunayoipendekeza mara nyingi ni monoetilini glikoli, MEG. Kipimo chake hufuata maji yaliyomo kwenye bomba, na wengi hukosea hapo kwa kupima kwa kiasi cha gesi. Ili haidreti ianze kuganda nyuzi 10 chini zaidi, mchanganyiko wa maji na MEG unatakiwa uwe na MEG asilimia 32 hivi kwa uzito. Hizo ni kilo 48 za MEG safi kwa kila kilo 100 za maji. Sasa fundi anaongeza maji kwenye pipa hadi MEG inabaki asilimia 80 "ili ifike mbali", halafu anaendelea kupiga kilo 48 zile zile, wakati sasa zinahitajika 68. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu MEG pungufu inaweza kuharakisha kuziba kuliko kutoiweka kabisa. Rifraktometa ndogo ya mkononi, kifaa cha kupima nguvu ya mchanganyiko, ingemwonyesha kosa hilo kwa tone moja.

Wengine huhamia kwenye dawa za dozi ndogo, zile za asilimia 1 au 2 ya maji. Ni nzuri mahali pake, lakini nyingi hazizuii, zinachelewesha tu. Laini ya bomba ikisimama wikendi nzima ikiwa imepoa, muda wa dawa unaisha na tonge la haidreti linakua haraka. Zile za polivinilikaprolaktamu, aina ya polima, hujitenga na maji kuanzia nyuzi 30 na kitu, mapema zaidi maji yakiwa na chumvi. Ukiziingiza kwenye kichwa cha kisima chenye joto, unakuta gundi nyeupe imeziba mdomo wa kuingizia. Nyingine hugombana na dawa ya kutu. Changanya kwanza kwenye chupa, kwa joto la laini yako, uache siku nzima uone kama kuna tabaka au mashapo.

Dawa hizo hizo za dozi ndogo ndizo huuzwa kwa jina la "kijani". Muombe muuzaji ripoti ya kuoza ndani ya maji ya bahari kwa siku 28. Kwenye Bahari ya Kaskazini, dawa isiyooza kufikia asilimia 20 huwekwa kwenye orodha ya kubadilishwa, na nyingi za polima hizo hazifiki. MEG huoza haraka, na imo kwenye orodha ya OSPAR (mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki) ya kemikali zenye hatari ndogo kwa bahari. Methanoli nayo imo, lakini mtu akiinywa inampofusha. MEG humharibu figo. Wala usiimwage mtoni, kwa sababu ikioza inamaliza oksijeni ya samaki. Irudishe, tuichemshe tuondoe maji. Tunaichemsha taratibu, kwani ikipita nyuzi 165 huanza kuvunjika kuwa asidi, inageuka kahawia na kula chuma. Bei yetu ya kusafisha imebeba uangalifu huo, na hatuipunguzi.

Laini ikishaziba, usiwashe moto wala usitoe presha upande mmoja. Mita moja ya ujazo ya haidreti imebeba gesi mita za ujazo 160 hivi kwa presha ya kawaida ya hewa, na tonge likiachia ghafla hutoka kama risasi. Shusha pande zote mbili sawasawa, polepole, hata ikichukua siku kadhaa.

Ukija kuomba bei, njoo na presha na joto la kabla na baada ya valvu, maji kwa siku, kiasi cha chumvi, na muda mrefu zaidi ambao laini husimama. Bila hizo hatukutajii idadi ya mapipa.