Nebula ya Jabari sio ya rangi vile, mhariri

Mhariri, salaam,

Naomba kanafasi kadogo. Mmechapa picha ya Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi na vumbi kwenye kundi la nyota la Jabari, nyekundu na zambarau inawaka kama makaa, picha nzuri sikatai, ila hamkuandika hata mstari mmoja kwamba jicho haliioni hivo. Mi nina darubini ya inchi 6 naiweka uani, na usiku wa kwanza niliponasa hiyo nebula nilifuta lenzi mara tatu nikijua ni umande, yaani kidoa cha kijivu tu kama mtu kapulizia pumzi kwenye kioo. Nikaenda kulala nimenuna.

Kumbe kujua ni rahisi. Geuza darubini kwenye nyota nyingine kali, na yenyewe ikiwa na ukungu pembeni basi ni umande, ikiwa safi basi kile kidoa kipo huko juu kweli. Alafu angalia mahali: zile nyota 3 za mkanda wa Jabari, jirani yake kuna kamstari ka nyota hafifu, ndo upanga, nebula iko katikati ya upanga. Ukikuza zaidi utaona ndani yake nyota 4 ndogo zimebanana, hizo ukiziona huna haja ya kuuliza mtu, ni M42, ndo namba ya hii nebula kwenye orodha ya wanaanga. Mi ramani ilinichanganya kwa sababu darubini yangu ya kioo inapindua kila kitu juu chini, nikahangaika weee mpaka nikageuza karatasi. Na kale kawingu kadogo ka pembeni sio nebula mpya mliyogundua jamani, ni M43, imetenganishwa na mkanda mweusi wa vumbi.

Rangi je? Gizani jicho la mtu halishiki rangi vizuri, kamera inakaa wazi dakika nyingi ikikusanya mwanga ambao umesafiri kama miaka 1,300 kutufikia, jicho haliwezi kujilimbikizia namna hiyo. Cha kufanya ni kutoikodolea, tazama pembeni yake kidogo na ghafla inatanuka, mabawa yanatokea. Mi naona kama kijani kwa mbali, wenzangu wanabisha.

Sioni aibu kudanganyika maana hata Charles Messier, yule mwanaanga Mfaransa, mwaka 1758 alikuwa anafuatilia nyota yenye mkia akakutana na kidoa kinachofanana nayo ila hakisogei, ndo ikawa M1, namba ya kwanza kwenye orodha yake ya vitu vya kutomsumbua tena. Hiyo M ya M42 ni yake.

Sasa ombi langu, mkichapa tena picha ya namna hiyo andikeni chini kamera ilikaa wazi muda gani, na pembeni wekeni mchoro wa penseli wa kile jicho linachoona. Kama hamna, mi ninao, nimechora kwenye karatasi ya hesabu, nyota 4 zimekaa upogo kidogo ila zipo.

Msomaji wenu wa uani